Fundi wa Nyumbani: Kulehemu Waya wa Redio Usikatike Tena

Majuma mawili yaliyopita ukurasa huu ulizungumza juu ya kuziba ndoo inayovuja, na juma lililopita tulieleza namna ya kutia mpini katika jembe. Juma hili tunaingia katika kazi iliyo ndogo zaidi kwa macho, lakini inayotaka utulivu mwingi zaidi wa mkono, nayo ni kulehemu waya katika bodi ya redio.

Nimelichagua jambo hili kwa sababu ya barua niliyoipokea kutoka kwa mama mmoja, mke wa koplo, akaaye katika kambi moja ya kaskazini. Jina lake nitalihifadhi, lakini maneno yake ameniruhusu niyatoe. Aliandika hivi:

"Afande Fundi, baada ya salamu nyingi na heshima. Ninayo redio ndogo ya mawe manne niliyoachiwa na mume wangu. Waya wake mwekundu, ule utokao katika sanduku la mawe, umekatika mara nne. Mara tatu nilimpa fundi, nikalipa, naye akaulehemu mbele ya macho yangu. Redio iliimba, kisha baada ya muda ikanyamaza tena. Mara mojawapo ilinyamaza mwezi wa Mei 2023, wakati mume wangu alipokuwa Somalia. Tarehe 26 ya mwezi ule kambi ya askari wetu ya Buulo Mareer ilishambuliwa, na hapa kwetu kila mtu akawa na habari yake. Umeme ulikuwa umekatika, simu yangu haikuwa na chaji, na redio ilikuwa bubu juu ya kabati. Usiku ule nilisimama chini ya dirisha la jirani, mtoto mgongoni, nisikilize redio yake. Namshukuru Mungu, mume wangu alikuwa katika kambi nyingine, akapiga simu siku ya tatu. Sasa ameitwa tena kazini mbali na nyumbani, na waya ule umekatika kwa mara ya nne. Sitaki kumpa fundi tena. Nifundishe nifanye mwenyewe."

Katika shambulio lile, kama Rais alivyotangaza baadaye, askari wetu 54 waliuawa. Wengi wanaousoma ukurasa huu wanakumbuka siku zile walikuwa wapi, na walikuwa wakimngojea nani. Basi asiseme mtu kwamba waya wa redio ni jambo la mchezo. Nilimjibu yule mama aniletee redio yake, tuifungue pamoja.

Makosa matatu tuliyoyaona

Alifika kwa basi, tukaketi barazani. Nilipoondoa skrubu na kufunua mfuniko wa nyuma, nilimwonyesha makosa matatu, na ninataka wasomaji wote wayajue, kwa maana karibu kila waya ukatikao baada ya kulehemiwa hukatika kwa mojawapo ya sababu hizi.

Kosa la kwanza: lehemu ilikuwa imekaa juu ya shaba ya bodi kama tone la maji juu ya jani la yugwa. Ilikuwa ya mviringo, ya rangi ya kijivu, na uso wake ulikuwa na chembechembe. Nilipoisukuma kwa ncha ya kisu, ilibanduka nzima. Ilikuwa imeigusa shaba, lakini haikushikana nayo. Kiungo cha namna hii mafundi hukiita kiungo baridi.

Kosa la pili: ganda la plastiki la waya lilikuwa limemenywa kupita kiasi, karibu urefu wa kidole gumba, na nyuzi mbili tatu za shaba zilikuwa zimetawanyika. Uzi mmoja ulikuwa unakaribia kugusa kiungo cha jirani. Laiti ungeligusa, mawe yangeliisha kwa usiku mmoja, au bodi yenyewe ingeliungua.

Kosa la tatu: waya ulikuwa umevutwa taut kama kamba ya hema, bila nafasi yoyote. Kila mara yule mama alipofungua mlango wa mawe ili kuyabadilisha, alikuwa anauvuta waya ule pasipo kujua, na uzito wote uliangukia kiungo kile kidogo.

"Kumbe ni mimi niliyekuwa nikiukata," alisema.

Nikamjibu, "La, binti yangu. Waya uliofungwa vizuri hauna budi kustahimili mkono wa mwenye nyumba."

Bodi ni kitu gani?

Kabla ya kushika chuma cha moto, ni vema kujua tunachokigusa. Zamani redio ilikuwa msitu wa nyaya, kila kiungo kikiunganishwa na kingine kwa waya wake. Mwaka 1936 mhandisi mmoja mzaliwa wa Austria, jina lake Paul Eisler, aliyekuwa akiishi London, alitengeneza redio ambayo njia zake za umeme zilikuwa ni shaba nyembamba iliyobandikwa juu ya ubao. Katika Vita Kuu ya Pili Marekani ilitumia saketi za kuchapwa katika viwashio vya makombora ya mizinga, vile ambavyo vilitambua vyenyewe kwamba kombora limekaribia shabaha. Baada ya vita ufundi huo uliingia majumbani.

Bodi ya redio yako, basi, ni kibao kigumu chenye njia nyembamba za shaba. Mahali waya unapoingia pana tundu dogo, na kando ya tundu pana kidoa cha shaba kilicho wazi. Kidoa hicho kimebandikwa tu kwa gundi. Ukikiunguza kwa muda mrefu, gundi hulegea, na kidoa hubanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Ndiyo sababu kazi hii haitaki pupa, wala haitaki uzembe. Joto liwe la kutosha, na lisikae mno.

Lehemu nayo ni kitu gani?

Lehemu ya siku nyingi ni mchanganyiko wa madini mawili: bati, sehemu 60 katika 100, na risasi, sehemu 40. Risasi ni ileile ambayo askari huijua kwa kazi nyingine. Bati peke yake huyeyuka kwa joto la digrii 232, na risasi peke yake kwa digrii 327, lakini zikichanganywa kwa kiasi hicho huanza kuyeyuka kwa digrii 183 tu. Shaba huyeyuka kwa joto lipitalo digrii 1,000, kwa hiyo waya hauna hatari ya kuyeyuka.

Lakini jambo kubwa ni hili: lehemu si gundi. Shaba ikiwa safi, na ikiwa ya moto vya kutosha, bati huingia katika uso wake na kufanya tabaka jembamba lililo nusu shaba na nusu bati. Tabaka hilo ndilo lishikalo. Shaba ikiwa baridi au chafu, tabaka hilo halizaliwi, na lehemu hukaa juu tu, kama mgeni aliyesimama mlangoni asikaribishwe.

Ndani ya uzi wa lehemu ya redio mna dawa, ambayo ni utomvu wa mti wa msonobari. Dawa hiyo huyeyuka kwanza na kuondoa kutu nyembamba iliyo juu ya shaba. Angalieni sana: dawa ya asidi itumiwayo na mafundi wa mabomba na wa mabati isiguse bodi kamwe. Hushika vizuri siku ya kwanza, lakini hubaki ikiila shaba polepole hata njia ikakatika.

Katika maduka ya siku hizi mna pia lehemu isiyo na risasi. Nchi za Ulaya zilizuia matumizi ya risasi katika vyombo vingi vya umeme tangu Julai 2006, kwa hiyo bodi nyingi mpya zimelehemiwa kwa aina hiyo. Huyeyuka karibu na digrii 217, nayo hutaka chuma chenye moto zaidi. Isitoshe, hata ikishika vema haing'ai sana, kwa hiyo usiihukumu kwa rangi peke yake.

Vifaa

Mahali penye umeme, chuma cha kulehemia cha wati 25 hadi 40 chatosha. Chuma kikubwa cha fundi wa mabati kitaunguza bodi. Mahali pasipo na umeme wako mafundi wanaotia chuma katika makaa ya sigiri, na kazi yao si mbaya ikifanywa kwa akili. Ila usitumie msumari, kwa kuwa haushiki moto wa kutosha na lehemu huukataa. Tumia kipande cha shaba nene kilichochongwa ncha na kutiwa katika mpini. Kisiachwe kikawa chekundu. Kigusishe lehemu kwanza: ikiyeyuka mara moja na kutandaa, joto latosha. Ikitoa moshi mwingi na ncha ikageuka nyeusi, ngoja kidogo. Sigiri iwe nje, penye upepo, isiwe ndani ya nyumba iliyofungwa, kwa maana moshi usioonekana wa makaa huua.

Pamoja na hicho, uwe na uzi mwembamba wa lehemu, upana wa milimita moja au chini yake, kitambaa cha pamba kilicholoweshwa maji, kisu kidogo au mkasi, koleo ndogo, kifutio cha penseli, kijiti cha meno, na kibao kikuukuu cha kuwekea kazi. Si lazima vyote viwe vipya.

Kazi yenyewe

Kwanza, toa mawe yote katika redio. Chukua karatasi uandike kila waya ulikotoka na rangi yake. Kwa kawaida mwekundu ni wa chanya na mweusi ni wa hasi, lakini usitegemee kawaida hiyo peke yake. Aliyeandika hajuti.

Pili, ondoa lehemu ya zamani. Weka ncha ya moto juu yake hadi iyeyuke, kisha tia kijiti cha meno katika tundu na uondoe moto. Lehemu ikiganda, zungusha kijiti na ukichomoe, tundu litabaki wazi. Mti haushikwi na lehemu, na ndiyo sababu kijiti kinafaa kuliko sindano.

Tatu, safisha kidoa cha shaba kwa kifutio mpaka king'ae. Ikiwa maji ya betri yalivuja na kuacha ukungu wa kijani au mweupe, pangusa kwa kitambaa chenye spiriti na ungoje kikauke.

Nne, kata ncha ya waya iliyochakaa, umenye ganda kwa urefu wa milimita nne tu, yaani kama urefu wa punje ya mtama. Usizikate nyuzi za ndani unapomenya. Tazama rangi yake. Ikiwa nyekundu yenye kung'aa, endelea. Ikiwa nyeusi, kata tena uende mbele zaidi, kwa maana shaba nyeusi haishiki. Kisha zisokote nyuzi zote upande mmoja, ziwe kamba moja.

Tano, upake waya lehemu kabla ya kuupeleka katika bodi. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wenye haraka, nayo ndiyo ifanyayo kazi iwe safi. Safisha ncha ya chuma katika kitambaa chenye maji, uiguse lehemu kidogo ing'ae, kisha uiweke chini ya waya. Uzi wa lehemu uguse waya kwa juu, wala si chuma. Waya ukipata moto, lehemu itanywewa na nyuzi kama mafuta yanavyonywewa na utambi. Ondoa mara moja. Umbo la nyuzi liendelee kuonekana. Zikitoweka ndani ya donge, umetia nyingi mno. Wala lehemu isipande chini ya ganda, kwa sababu huufanya waya kuwa mgumu kama njiti, nao utakatika hapohapo ukipindwa.

Sita, ingiza waya katika tundu la bodi hadi ganda likaribie ubao, lakini lisilale ndani ya tundu. Hakikisha bodi haitikisiki. Mimi huibana kati ya matofali mawili madogo yaliyofunikwa kitambaa. Mkono wa kushoto hauwezi kushika bodi, waya na lehemu kwa pamoja.

Saba, hapa ndipo penye siri yote. Ncha ya chuma iguse kidoa na waya kwa wakati mmoja. Hesabu polepole: moja, mbili. Kisha peleka uzi wa lehemu upande wa pili wa waya, mkabala wa chuma. Ikiwa shaba imepata moto, lehemu itayeyuka kwa kuigusa shaba yenyewe, na itatiririka kuzunguka tundu. Ondoa lehemu kwanza, kisha ondoa chuma. Usipulize, wala usiuguse waya hata lehemu igande. Kazi yote isipite sekunde tatu au nne. Ikikataa, ondoa moto, acha bodi ipoe, safisha, ndipo uanze tena. Usizidi kukandamiza.

Watu wengi hufanya kinyume cha haya. Huyeyusha lehemu katika ncha ya chuma, kisha huibeba na kuidondosha juu ya waya baridi. Dawa imekwisha kuungua njiani, na shaba haijapata moto. Hivyo ndivyo lilivyozaliwa donge la kijivu tulilolikuta katika redio ya yule mama. Ukumbuke neno moja tu katika makala hii: joto ni la shaba, lehemu hufuata.

Kukikagua kiungo

Askari akisimama gwarideni hukaguliwa kabla ya kutoka. Kiungo nacho kikaguliwe. Kiungo kizuri hufanana na hema la duara lenye mlingoti mmoja katikati: kingo zake zimetandaa pande zote juu ya kidoa, ubavu wake umeingia ndani kidogo, na waya unaonekana ukitokeza juu. Ikiwa ni duara kama yai, lehemu ni nyingi mno au shaba ilikuwa baridi. Ikiwa upande mmoja wa kidoa umebaki wazi, joto halikufika. Ikiwa panaonekana mfano wa mwiba, chuma kiliondolewa kwa kuchelewa, baada ya dawa kwisha.

Kisha uvute waya kwa vidole viwili, kwa nguvu ya kung'oa unywele mmoja. Kiungo kikisogea hata kidogo, kirudie. Usijidanganye kwa sababu redio imeimba. Hili nalisema kwa kuwa mimi mwenyewe nilikwisha kujidanganya. Nilipokuwa kijana katika mafunzo ya mawasiliano, nililehemu waya wa redio ya gari, nikaijaribu mezani, ikasema vizuri kabisa. Mwalimu aliniuliza kama nimeuvuta waya. Nikasema ndiyo, na sikuwa nimeuvuta. Kesho yake katika mazoezi lori lilipita katika njia ya mawe, redio ikanyamaza, na kikosi chetu kikangojea mahali pasipo kwa nusu siku. Yalikuwa mazoezi tu, hapakuwa na mtu aliyeumia. Lakini tangu siku ile sijapata kuacha kiungo bila kukivuta. Kiungo baridi hukupendeza mezani na kukuacha njiani.

Kuufunga waya usivutwe

Hata kiungo kizuri hakikuumbwa kubeba mzigo. Lehemu ni laini. Kazi yake ni kupitisha umeme, na nguvu ya kushika itoke mahali pengine. Kwa hiyo, acha waya uwe na mzunguko wa ziada wa sentimita mbili au tatu ndani ya redio. Kisha uufunge katika nguzo ya plastiki au tundu la skrubu lililo karibu, kwa uzi wa kushonea uliozungushwa mara tatu. Waya ukitoka nje ya kisanduku, upige fundo upande wa ndani. Mtu akiuvuta, fundo ndilo litakalovutika, na kiungo hakitajua lolote.

Hili ndilo lililokosekana mara zote tatu katika redio ya mama yetu. Hata fundi aliyelehemu kwa ustadi angelishindwa, kwa kuwa mlango wa mawe uliendelea kuvuta.

Tahadhari kwa ajili ya watoto

Risasi ni sumu, na kwa mtoto mdogo na mama mwenye mimba madhara yake ni makubwa zaidi, kwa maana hudhuru ubongo unaokua. Katika joto la kulehemu risasi haipandi katika moshi kwa wingi. Njia yake kubwa ni mkono uendao kinywani. Kwa hiyo usile wala usivute sigara ukifanya kazi hii. Usiushike uzi wa lehemu kwa meno, kama nionavyo mafundi wengi wakifanya. Usifanye kazi juu ya meza ya chakula. Ukimaliza, okota kila tone lililoanguka, ulitie katika kopo lenye mfuniko, upanguse kibao kwa kitambaa kibichi, kisha unawe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto. Sufuria iliyowahi kuyeyushia lehemu isirudi jikoni kamwe, hata ikisuguliwa.

Moshi mweupe unaouona ni wa utomvu. Huo nao huwasha kifua, na mwenye pumu asiuvute. Keti mahali penye upepo na usiinamishe uso juu ya kazi. Kinga macho, kwa kuwa lehemu huweza kuruka.

Tena, jifunze mpaka wa kazi yako. Redio ya mawe makavu haina umeme wa kumdhuru mtu. Lakini televisheni, pasi, na redio inayochomekwa ukutani usizifungue. Ndani yake mna vitu viwezavyo kuhifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa. Wala usilehemu moja kwa moja juu ya betri ya simu au ya taa ya sola, kwa sababu ikipata moto huweza kulipuka na kuwaka. Kazi hizo mwachie fundi aliyejifunza, na usione haya kumwuliza kama ameuvuta waya.

Mwisho wa redio ya yule mama

Sikumlehemia. Nilimpa bodi mbovu iliyotupwa, nikamwambia alehemu nyaya tano za mazoezi. Wa kwanza uliunguza kidoa kikabanduka. Wa pili ukawa donge. Wa tatu nilimwambia ahesabu kwa sauti, akahesabu, lehemu ikatandaa, naye akashangaa akaniuliza, "Afande, mbona imekimbia yenyewe?" Nikamjibu kwamba imeifuata shaba ya moto. Wa nne na wa tano aliifanya akiwa amenyamaza. Ndipo akaichukua redio yake.

Alimenya waya kwa kadiri ya punje ya mtama, akaupaka, akauingiza, akahesabu. Kiungo kilipoganda alikitazama kwa muda, kisha akauvuta kwa vidole viwili, na akauvuta tena kwa mara ya pili bila mimi kumwambia. Akaufunga kwa uzi mweusi wa kushonea katika nguzo ya skrubu. Akanawa mikono. Akatia mawe, akafungua mlango na kuufunga mara kumi, huku redio ikisema bila kukatika.

Kabla ya kuondoka aliniuliza kama lehemu iliyobaki ingelitosha kwa redio za majirani zake wawili, kwa kuwa nao waume zao wako mbali. Nikampa uzi wote pamoja na kile kipande cha shaba chenye mpini.

Ndugu wasomaji, huenda katika nyumba yako mna redio iliyo bubu juu ya kabati kwa sababu ya waya mmoja. Usingoje siku utakapoihitaji. Ifungue leo, tafuta bodi mbovu ujifunzie, na ukumbuke neno lile: joto ni la shaba, lehemu hufuata, kisha vuta, ndipo uamini.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kubadilisha kitasa cha mlango na kukitia mafuta. Mwenye swali aendelee kuandika. Tuonane juma lijalo.